Bodi Mpya kwa Kompyuta Iliyoungua

4 Februari

Mpwa wangu mpendwa,

Kompyuta ya mama yako sikuitupa. Nilikuambia niliwapa watu wa vyuma chakavu wiki ile ile ilipoungua, ukaniamini, na mwaka huu inatimia miaka kumi na saba tangu nikuambie hivyo. Iko chumbani kwangu, ndani ya sanduku la chuma nililotoka nalo chuo cha ualimu, na ufunguo huwa mfukoni mwangu. Nimeanza na hili kabla ya salamu kwa sababu nikianza na salamu nitafika mwisho wa karatasi bila kulisema. Najijua.

Sasa pokea salamu. Mimi ni mzima kwa kiasi cha mtu wa miaka themanini na moja. Masikio yamegoma kabisa. Uliponipigia simu mwezi uliopita nilikuwa naitikia tu ndiyo, ndiyo, kama mwanafunzi ambaye hakufanya zoezi. Usinipigie tena, niandikie. Macho bado yananitii. Muuguzi huja Jumanne na Ijumaa. Ni mwanamke mcheshi, ananiita Mheshimiwa, kisha ananichoma sindano kama mtu mwenye kesi na mimi. Paa la jikoni limezibwa. Ile miti ya uani imekatwa kwa sababu mizizi ilikuwa imeingia kwenye bomba. Msalimie baba watoto, na binti yako mwambie babu yake anamwuliza kama bado anachukia hesabu.

Nina ombi. Nataka kompyuta ile iwake tena. Sanduku lake la bati ni zima, kioo ni kizima, kibodi ni nzima. Nimesoma gazetini kwamba siku hizi mtu hubadilisha ubao mama peke yake na kuacha vingine vyote, na kwamba zipo za bei nafuu. Pensheni yangu unaijua, haihitaji maelezo. Wewe ndiye fundi. Nichagulie.

Usiniulize kwanza ni ya nini.

Mjomba wako.


27 Februari

Mjomba, shikamoo.

Barua yako niliisoma dukani nimesimama. Mteja alikuwa ananiuliza bei ya chaja, nikamwambia tumefunga. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Sisi ni wazima. Baba watoto amehamishiwa karakana ya malori, anarudi na mikono ambayo hata sabuni imekata tamaa nayo. Binti anachukia hesabu bado, lakini akishika mkasi anatoa ulimi pembeni kama bibi yake, na hakuna aliyemfundisha. Mimi kazi inaenda. Hapa wananiita Fundi Subiri, maana siwashi mashine ya mtu kabla sijaikagua mara tatu. Jirani yangu anayeuza simu huwaambia wateja wangu, "Ukimwachia huyu mama kompyuta, mtoto wako atamaliza shule ndipo uipate." Wanacheka, nami nacheka. Hawajui tabia hiyo niliitoa wapi. Wewe unajua.

Kwa nini uliniambia umeitupa? RAM ile ya kuongeza kasi niliichomeka mimi, Jumamosi, kwa mikono hii. Niliinunua ikiwa imetumika, na kwa sababu ya haraka zangu sikuijaribu kwingine kwanza. Jumatano mashine ikaungua na kitabu cha mama kikiwa ndani. Miaka mitatu ya kuchora mikato ya nguo kwa kipanya, mstari kwa mstari, ili wanafunzi wake wa ushonaji wapate kitabu chao. Hakukuwa na nakala. Nilikwenda kutafuta mtu wa kuikagua diski, niliporudi ukaniambia chuma chakavu. Miezi minne baadaye tukamzika. Miaka yote hii nimejua nilikosea, lakini sikuwa na pa kurudi kuangalia nilikosea wapi.

Haya, kazi. Ubao mama sisi tunauita bodi tu. Wengi hukosea kwa kuanza na bei. Bei huja mwisho. Niambie kwanza soketi ya prosesa inafananaje, njia za RAM ni ngapi, bodi ina upana gani na imeshikwa na skrubu ngapi, maana bodi nzuri isiyolingana na sanduku lako ni sahani tu. Kisha diski. Nakumbuka ilikuwa ya utepe mpana wa kijivu. Bodi mpya za bei nafuu hazina tena mdomo wa utepe huo, na hapo ndipo utafutaji utakapokuwa mgumu.

Ila kama unachotaka ni kilichomo ndani, huhitaji bodi. Nitumie diski. Nina kifaa cha kuisomea. Kama ni nzima ni kazi ya dakika kumi.

Na kile kisanduku cha umeme chenye feni, nyuma juu. Fungua skrubu zake nne uniandikie kilivyo ndani. Mashine ikiungua, hicho ndicho kinachosema ukweli.

Mpwa wako.


2 Aprili

Mpwa wangu,

Nimechelewa. Nililazwa siku tisa. Moyo umechoka kusukuma, ndivyo daktari alivyoniandikia kwenye karatasi, kwa herufi kubwa za darasa la kwanza, kwa kuwa sisikii. Nimerudi na vidonge vya rangi nne. Muuguzi amenipangia kwenye trei ya mayai, kila tundu na siku yake, na anavihesabu kama mwenye duka asiyemwamini karani.

Hiyo ndiyo habari ya mwili. Sasa majibu yako, niliyoyafanya kwa lenzi na taa ya mezani.

Bodi iliyomo ni mraba, sentimita ishirini na nne na kidogo kila upande. Nimeipima kwa futikamba ya mama yako. Imeshikwa na skrubu nane. Soketi ya prosesa ni nyeupe, ina vitundu vingi sana. Nilianza kuvihesabu, nilipofika mia moja na kumi macho yakaomba ruhusa. Njia za RAM ni mbili, moja ina kipande, ya pili iko tupu, ulikitoa mwenyewe. Kando ya soketi kuna kapasita sita, vile vikopo vya kutunza umeme, ambazo vichwa vimevimba kama unga uliozidishiwa hamira. Mahali nyaya za umeme zinapoingia pana weusi wa moshi. Utepe mpana wa kijivu ndio huo huo.

Kisanduku cha umeme sikukifungua. Skrubu zina kutu.

Diski usiniombe. Nikikutumia diski utafanya kazi yako ya dakika kumi, basi, mimi na wewe tutakuwa tumemalizana. Nataka mashine iwake hapa, juu ya meza yake, chumbani kwake.

Bado namwona pale. Wanafunzi walimwita Mwalimu Sentimita, naye alijua na hakuchukia. Futikamba haikutoka shingoni. Nilimtania kwamba akipotea hatutahitaji picha, tutatangaza tu: mama mmoja, amevaa futikamba. Akanijibu, "Na wewe ukipotea, Kaka, hatutatangaza. Tutasikiliza tu mahali watu wanaposahihishwa." Alikuwa akisema kola unaweza kuiibia, mfuko unaweza kuuibia, lakini mkono wa shati ndio unaomwacha fundi uchi. Ndiyo maana sura ya mikono aliiacha mwisho.

Nichagulie bodi tu, mwanangu.

Mjomba wako.


21 Aprili

Mjomba, shikamoo, na pole kwa kulazwa.

Nilianza kuandika kwamba ningekuja kukuuguza isipokuwa kazi, nikafuta. Si kazi. Tangu mazishi nimeshindwa kuingia nyumba ile. Mara mbili nimekata tiketi, mara mbili nimeirudisha. Baba watoto safari ya pili alibeba begi mpaka kituoni na akalibeba tena kulirudisha, na sura yake ilisema yote.

Bodi nimepata. Nilikuwa nazo tatu mezani. Ya kwanza mpya, ndani ya boksi, inang'aa, bei ya chini kuliko zote. Lakini haina mdomo wa utepe mpana, tena ingekulazimu ununue prosesa na RAM upya, kwa hiyo unafuu wake unaishia kwenye boksi. Ya pili ilitoka kwenye kompyuta ya ofisi, kila kitu kinalingana, ila nilipoiinamisha kwenye mwanga nikaona kapasita mbili zimeanza kupanda kichwa. Hiyo ingekuwa kukuuzia ugonjwa ule ule. Ya tatu ndiyo niliyoichukua. Imetumika, mraba kama ya kwako, matundu manane yanakubaliana, ina mdomo wa utepe mpana na ina midomo ya nyaya nyembamba za siku hizi pia, na muuzaji aliniachia prosesa na feni yake juu yake. Sauti, picha na mtandao vyote vimo ndani, hutanunua kadi yoyote. Haina madoido wala taa za rangi. Nimeiwasha mezani kwangu siku tatu mfululizo, haikupata hata homa. Kama kuna bodi ya bei nafuu ninayoweza kuisimamia kwa jina langu ni hii.

RAM nimeiweka mwenyewe. Nimeshaweka RAM zisizo na idadi, Mjomba, lakini hii niliichomeka, nikaichomoa, nikaichomeka tena, mpaka jirani wa simu akauliza kama nimeanza kazi leo.

Kifurushi kinakuja kwa basi. Kisanduku cha zamani cha umeme usikitumie hata kwa majaribio, nimekutumia kingine. Na skrubu zenye kutu hufunguka kwa tone moja la mafuta ya taa. Ni wewe uliyenifundisha. Kwa nini hutaki kukifungua?

Nina swali jingine ambalo nimelibeba muda mrefu. Mama hakunigombeza. Heri angenigombeza. Nilikuwa namlisha uji, naye kila kijiko ananiambia ahsante. Ahsante, ahsante, kama anavyoambiwa mhudumu wa hoteli. Nilimwambia mara mbili kwamba samahani. Akasema, "Najua." Wewe ulikaa naye siku zote nilipokuwa chuoni. Aliwahi kukuambia lolote juu yangu na ile kompyuta? Sema, hata kama ni baya.

Mpwa wako.


9 Juni

Mpwa wangu,

Bodi imefika. Muuguzi alinisaidia kukata kamba, akauliza kama ni redio. Nikamwambia ni kazi ya mpwa wangu. Akaniandikia kwenye daftari letu: "Kumbe ana fundi kwao, na betri ya saa nabadilisha mimi." Nimeiweka mapajani na kuitazama kwa lenzi. Umechagua vizuri. Katika miaka thelathini na nne ya kusahihisha sikumpa mtu alama zote, sasa nimempa mmoja.

Daktari ameniandikia tena. Safari hii maneno ni machache kuliko ya mwanzo, na hakuyaandika kwa herufi kubwa.

Kwa hiyo soma polepole.

Wiki ile umeme ulikuwa mdogo. Transfoma ya mtaa ilikuwa imechoka, balbu zinawaka nyekundu kama kaa, friji inaguna bila kupoza. Wewe uliweka RAM Jumamosi, ukaijaribu, ikafanya kazi, Jumapili ukarudi chuoni. Jumatatu kompyuta ikaanza kuzima na kujiwasha. Mama yako alikuwa amebakiza sura ya mikono, na mchapishaji alikuwa anaitaka Ijumaa. Akaenda kufundisha na uso umemshuka. Mimi nikabaki na mashine.

Voltimita yangu ya shule unaikumbuka. Nilipima soketi ya ukutani, nikapata volti mia moja ishirini na nane. Nyuma ya kisanduku cha umeme kuna swichi ndogo nyekundu. Upande mmoja imeandikwa 230, upande mwingine 115. Mtu asiyesoma asingeigusa. Mimi nilikuwa mwalimu wa fizikia. Nikasema ukutani mna mia na ishirini na nane, basi mashine nayo iambiwe hivyo. Nikaisogeza kwenye 115. Ikawaka, ikatulia, haikuzima tena. Mama yako aliporudi akauliza nimeifanya nini, nikamwambia nimezungumza nayo kwa adabu. Alicheka mpaka akakaa. Alichora siku ile na Jumanne yote. Nilipita nyuma ya kiti chake mara nyingi bila sababu, nisikie tu kipanya kikigonga.

Jumatano asubuhi walibadilisha transfoma. Mama yako alikuwa ameacha mashine inawaka, ameingia bafuni. Nilikuwa nakunywa chai. Niliona balbu ya barazani, ambayo tulisahau kuizima, ikigeuka kutoka nyekundu kuwa nyeupe, nikaelewa yote mara moja: umeme umerudi kamili, na swichi bado iko kwenye 115. Nilisimama, nikafika mlangoni mwa chumba. Hapo ukatoka mlio kama wa ubao unaovunjwa, kisha moshi.

Haikuwa RAM yako. Hata dakika moja haikuwa RAM yako.

Sanduku nililificha kwa sababu fundi yeyote akifungua kisanduku cha umeme angeona kilichotokea. Ulipokuja Alhamisi ukachomoa RAM, ukakaa sakafuni ukasema, "Ni mimi, Mjomba." Sikukusingizia. Nilinyamaza tu.

Nakutumia diski kwa basi la kesho, na kisanduku cha umeme pia. Kutu hakina. Hakikuwahi kuwa na kutu.

Mjomba wako.


30 Julai

Mjomba, shikamoo.

Hapa ni wazima. Kifurushi kilikaa juu ya friji wiki sita. Baba watoto alikuwa anakihamisha kila tunapotaka kufuta vumbi, anakirudisha palepale. Jumapili nimekifungua.

Kapasita mbili kubwa zimepasuka, fyuzi imekuwa nyeusi, ubao chini yake umetoboka. Ni kama ulivyosema. Mwanafunzi wa mwezi mmoja angeusoma mkasa huo akiwa amesimama.

Kuunguza kwenyewe sina neno nako. Mimi nimeunguza mashine tatu tangu nianze kazi hii, na moja ilikuwa na mishahara ya watu. Kama ungeniambia Alhamisi ile ningekucheka, mwalimu mzima wa fizikia, na ningekutania mpaka leo. Mama naye angekutania. Ungekoma.

Lakini diski ni nzima. Umeme haukuigusa. Niliichomeka kwenye kifaa changu, ikazunguka, ikafunguka. Sura kumi na nne, zote zimo. Sura ya mikono ilihifadhiwa mara ya mwisho Jumatano, saa mbili na dakika kumi asubuhi. Umebaki mchoro mmoja, mkono wa koti, na nusu yake ameshaichora. Binti yangu aliuona kwenye kioo akaniuliza ni wa nani, mistari imetulia hivyo. Nikaenda jikoni.

Ilikuwa nzima Alhamisi ile ile, Mjomba. Mama aliishi miezi minne mingine. Miezi minne alilala ukuta mmoja na kitabu chake kizima, nacho kimefungiwa kwenye sanduku lako, ufunguo uko mfukoni mwako, nawe unaingia kumpa maji. Ningepewa lile sanduku kwa saa moja tu.

Nina maswali mawili, nisingependa uyaruke. Nilipofika Alhamisi, kitu cha kwanza nilichokiangalia ni swichi. Kabla ya RAM, kabla ya chochote. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba kifaa cha umeme hukaguliwa kuanzia ukutani. Ilikuwa kwenye 230. Kwa sababu ilikuwa kwenye 230 ndipo nikageukia RAM. Swichi hairudi yenyewe.

La pili nilikuuliza Aprili, nawe ukanijibu kwa habari za transfoma. Mama alisema nini juu yangu? Sihitaji kupozwa, nina miaka thelathini na saba.

Bodi usimpe mtu mwingine aiweke. Iache kwenye boksi lake.

Mpwa wako.


11 Agosti

Mpwa wangu,

Mwandiko unapanda na kushuka, uvumilie. Muuguzi alitaka nitamke aandike yeye, nikakataa. Haya hayafai kupita kwenye mkono wa mtu mwingine. Amenikalisha dirishani, amenifunga mto mgongoni kwa shuka ili nisiteleze. Hali si nzuri, lakini leo asubuhi nimekula.

Swichi niliirudisha mimi. Moshi ulikuwa bado haujapata njia ya kutoka, na maji ya bafuni bado yalikuwa yanamwagika. Niliisukuma kwa ncha ya rula. Mama yako alipotoka na kitambaa kichwani alinikuta nimesimama katikati ya chumba, nikamwambia, "Imeungua." Alikwenda akaweka kiganja juu ya sanduku kama mtu anayepima homa ya mtoto. Hakulia mbele yangu.

Kuhusu diski sikujua. Sisemi hivyo kujitetea. Sikujua kwa kuwa sikutaka mtu yeyote ajue kitu chochote kuhusu sanduku lile, na mimi mwenyewe nikiwamo. Uliponiandikia kwamba sura zote zimo nililala siku mbili uso ukutani, na muuguzi akadhani ni moyo.

Utauliza kwa nini. Nimejiuliza mara nyingi kuliko utakavyoniuliza. Nilikuwa nimestaafu, sina mke wala mtoto, naishi nyumbani kwa mdogo wangu, nalala kwenye kitanda alichoninunulia yeye. Kitu pekee nilichokuwa nacho ndani ya nyumba ile ni kwamba mimi ndiye ninayejua. Redio ikiharibika, mimi. Pasi, mimi. Watoto wa mtaa wakikwama hesabu, mimi. Niliona nikisema nimekosa nitabaki mzee anayekaa bure kwa dada yake. Ni sababu ndogo. Nimeitafuta iliyo kubwa zaidi, haipo.

Na sasa swali lako la pili. Juni nilikuandikia kwamba nilinyamaza tu. Nilipokuwa naiandika sentensi ile nilijua si kweli, lakini niliipenda, nikaiacha.

Ilikuwa wiki ya tatu baada ya kuungua. Ulikuwa umerudi chuoni. Mama yako alikuwa ameanza kuvimba miguu, amelala kwenye kile kiti kirefu cha barazani, mchana, na mimi nilikuwa namsomea gazeti. Akanikatiza. Alisema, "Kaka, weka hilo gazeti. Mtoto anasema ni yeye. Lakini Jumatatu ile aliyeishika mashine ni wewe. Nimefikiri sana. Sina hasira, vitu huungua. Nataka tu kujua wa kumsamehe ni nani, maana siwezi kuisamehe hewa. Ni wewe, au ni mtoto?"

Alinitazama vizuri, bila ukali. Alikuwa ameshanisamehe, mpwa wangu, alikuwa anasubiri tu niitikie.

Nikamwambia, "Ni mtoto. Nilimwonya asiiguse kabla ya Ijumaa, akanijibu kwamba hata kitabu kikipotea si kitu, ni michoro ya nguo tu."

Hukuwahi kusema maneno hayo. Niliyatunga mimi, palepale, gazeti likiwa mkononi, naye aliyaamini mpaka alipokufa.